Namna ya Kujenga Maabara ya Mitandao kwa Mashine Pepe

Si ajabu kukuta tangazo kwenye mlango wa maabara ya kompyuta ya chuo, iwe Arusha au Moshi, linalomkataza mwanafunzi kubadilisha mipangilio ya kompyuta yoyote. Tangazo hilo lina sababu ya msingi, kwa kuwa chumba kinachotumiwa na wanafunzi wa mitandao asubuhi hutumiwa na wanafunzi wa uhasibu mchana, na kompyuta iliyopotezewa anwani yake ya IP haimfai mtu. Tatizo ni kwamba kwa mwanafunzi wa mitandao kubadilisha mipangilio ndilo somo lenyewe. Darasa la watu arobaini lenye ruta mbili kabatini hutoa wanafunzi wachache waliogusa kibodi na wengi waliotazama mgongo wa aliyegusa.

Mashine pepe, yaani kompyuta kamili inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, humaliza mgongano huo. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Jipya ni kwamba Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 ziliingiza msaada wa kazi hiyo ndani ya vichakataji vya kompyuta za kawaida, kiasi kwamba hata kompyuta ya mtumba ya mezani inaweza leo kubeba mtandao mdogo wenye ruta, seva na mteja, yaani kompyuta inayoomba huduma kwa seva. Mwongozo huu unamlenga mkufunzi anayetaka kujenga maabara ya aina hiyo kuanzia sifuri, na kigezo chake katika kila hatua ni kimoja: je, mwanafunzi ataweza kuuvuruga mtandao wake kabisa bila kumgusa jirani, kisha akaurudisha katika hali yake kabla kipindi hakijaisha?

Anza na ramani ya mtandao

Wakufunzi wengi huanza kwa kupakua programu na kusakinisha mashine, kisha wakajiuliza wazifanyie nini. Ni afadhali kuanza na karatasi. Chagua shughuli ambayo wanafunzi wanaifahamu, kwa mfano kampuni ya utalii yenye ofisi kuu Arusha, tawi Moshi na kambi ndani ya Serengeti, kisha chora subneti (vipande vya mtandao) mbili tu za mwanzo, Arusha na Moshi, zilizounganishwa na ruta moja. Mashine tatu zinatosha kwa wiki nyingi za mafunzo: kompyuta ya mfanyakazi upande wa Arusha, ruta katikati, na seva upande wa Moshi. Kambi ya Serengeti itaingia baadaye, na ina kazi yake maalumu.

Anwani nazo zichaguliwe mapema. Anwani za matumizi ya ndani zimetengwa tangu miaka ya 1990 katika mafungu matatu, yaani 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 (namba baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa fungu), na kishawishi ni kutumia 192.168.1.0 kwa kuwa kila mtu anaijua. Epuka kishawishi hicho, kwa sababu ruta nyingi za nyumbani na za ofisi huja na anwani hizo, huku VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, nayo ikitumia 10.0.2.0/24 na 192.168.56.0/24 kwa kazi zake yenyewe. Mwanafunzi anayeona anwani zinazofanana pande mbili hatajua anazungumza na kompyuta ipi. Fungu la 172.16.0.0/12 halina watumiaji wengi katika vyuo vyetu, kwa hiyo linafaa. Mpe kila mwanafunzi namba yake: mwenye namba 17 atatumia 172.20.17.0/24 kwa Arusha na 172.21.17.0/24 kwa Moshi. Kiufundi, mitandao iliyotenganishwa ingeweza kutumia anwani zilezile kwa darasa zima, na karatasi ya maelekezo ingekuwa fupi zaidi, lakini namba binafsi ina faida utakayoiona wakati wa kusahihisha.

Mashine zikae wapi

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka VirtualBox, ambayo sehemu yake kuu ni programu huria isiyolipiwa, kwenye kila kompyuta ya maabara au kwenye kompyuta mpakato za wanafunzi. Ya pili ni kuwa na seva moja yenye nguvu inayoendesha Proxmox, mfumo uliojengwa juu ya Debian (toleo la Linux) na KVM (uwezo wa Linux wa kuendesha mashine pepe), ambao wanafunzi huufikia kwa kivinjari kupitia poti 8006.

Ushauri wangu kwa chuo kinachoanza ni njia ya kwanza, hata kama fedha za seva zipo. Umeme ukikatika, seva isiyo na UPS (betri ya akiba) huliangusha darasa zima kwa mara moja, ilhali wenye kompyuta mpakato wataendelea na betri zao. Zaidi ya hapo, mkufunzi ambaye hajawahi kufundisha muhula mzima kwa mashine pepe hajui bado darasa lake linahitaji nini, na seva iliyonunuliwa kwa kukisia huwa kubwa mahali pasipostahili na ndogo mahali panapostahili.

Kabla ya kipindi cha kwanza, pita kila kompyuta na ufungue mipangilio ya BIOS, ile inayofikiwa kabla mfumo haujawaka, kuhakikisha kwamba msaada wa mashine pepe umewashwa, kwa kuwa kompyuta nyingi za mtumba huja zikiwa zimeuzima. Kwenye Windows kuna mtego mwingine: huduma ya Hyper-V, ya mashine pepe za Windows yenyewe, ikiwa hai, VirtualBox hulazimika kufanya kazi juu yake kwa mwendo wa pole, na chini ya dirisha la mashine hutokea alama ya kobe wa kijani. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mashine yake ni nzito aulizwe kwanza kama anamwona kobe. Wenye kompyuta za Apple zenye vichakataji vya M wasipewe kiolezo (mashine ya mfano inayonakiliwa) kilekile cha wengine, kwa sababu mashine iliyojengwa kwa vichakataji vya Intel haiwezi kuendeshwa humo kwa namna hii. Waandalie kiolezo cha ARM, aina ya vichakataji hivyo, au wakae kwenye kompyuta za maabara.

Hesabu ya kumbukumbu ifanywe kwa uwazi. Debian isiyo na eneokazi la picha huridhika na MB 512, kwa hiyo mashine tatu hutumia GB 1.5, kiasi ambacho kompyuta yenye GB 8 hukibeba bila shida. Kwenye kompyuta yenye GB 4 tu, tumia Alpine, toleo dogo la Linux ambalo hufanya kazi hata kwa MB 128. Ukihamia kwenye seva, wanafunzi 40 wenye mashine tatu kila mmoja ni mashine 120, nazo kwa MB 512 ni GB 60. Seva ya GB 64 ingeonekana kutosha, lakini haitoshi, kwa sababu mfumo wenyewe nao unahitaji sehemu yake. Ni kweli kwamba kiini cha Linux kina uwezo wa kuunganisha kurasa za kumbukumbu zinazofanana, na mashine zilizotoka kwenye kiolezo kimoja zinafanana sana, ila akiba hiyo huja polepole na hutoweka mashine zinapoanza kutofautiana, usiipangie bajeti.

Kinachoelemewa kwanza kwenye seva kwa kawaida ni diski. Mashine 120 zikiwashwa pamoja saa mbili kamili asubuhi, diski za kuzunguka zitakwama na darasa litapoteza sehemu kubwa ya saa ya kwanza. Tumia SSD, diski zisizozunguka, na waelekeze wanafunzi wawashe kwa safu. Weka pia UPS iliyounganishwa na seva kwa kebo ya data ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Kama chumba cha seva kipo Moshi, ambako joto ni kali kuliko Arusha, upozaji wa chumba uhesabiwe katika bajeti tangu mwanzo.

Utenganisho wa mitandao

Kama kuna sehemu moja ya kazi hii isiyostahili haraka, ni hii. Mashine pepe inaweza kuunganishwa na ulimwengu kwa namna kadhaa, na chaguo baya hapa hugeuza maabara kuwa kero ya chuo kizima.

Namna ya NAT huipa mashine njia ya kutoka kwenda intaneti, lakini huificha nyuma ya kompyuta iliyoibeba. Namna ya daraja huiweka mashine moja kwa moja kwenye mtandao wa chuo, kana kwamba ni kompyuta halisi iliyochomekwa ukutani. Mtandao wa ndani huunganisha mashine pepe zenyewe kwa zenyewe tu, bila njia yoyote ya kutoka. Mazoezi yote yafanyike kwenye mtandao wa ndani. Fikiria zoezi la kawaida la kuwasha huduma ya DHCP, inayogawa anwani za IP kwa kompyuta: mwanafunzi aliyebaki kwenye daraja atakapoiwasha, huduma yake itaanza kujibu maombi ya kompyuta za chuo, na dakika chache baadaye kompyuta ya mhasibu itakuwa na anwani ya ofisi ya kufikirika ya Moshi, isiyoelekea popote. Mwanafunzi hatakuwa amefanya kosa lolote la somo. Kosa litakuwa la aliyeandaa maabara.

Kwenye VirtualBox, kadi ya mtandao ya mashine inayoitwa pc1 huwekwa kwenye mtandao wa ndani wa Arusha kwa amri hii:

`VBoxManage modifyvm pc1 --nic1 intnet --intnet1 arusha`

Jina la mwisho ndilo swichi, yaani kiunganishi cha mashine za mtandao mmoja. Mashine zenye jina moja zimo kwenye swichi moja, na herufi moja iliyokosewa huunda swichi ya pili bila onyo lolote, kwa hiyo hapo ndipo pa kutazama kwanza mashine mbili zinaposhindwa kuonana. Ruta hupewa kadi mbili, moja ya arusha na nyingine ya moshi.

Kwenye Proxmox, unda daraja lisilo na kadi halisi nyuma yake, kisha tenganisha wanafunzi kwa namba za VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya daraja moja. Mwenye namba 17 apewe VLAN 117 kwa Arusha na 217 kwa Moshi, na ruhusa za mfumo zimzuie asibadilishe kadi za mashine zake. Jaribio la kuthibitisha utenganisho ni jepesi na lifanywe mbele ya darasa: kutoka kwenye kila mashine, `ping 8.8.8.8`, amri inayoita anwani ya Google iliyoko kwenye intaneti, ishindwe. Ikifaulu, kipindi kisianze.

Kuandaa kiolezo

Sakinisha mashine moja kwa uangalifu, kisha zizalishe nyingine kutoka kwake. Wakati wa kuiandaa pekee ndipo NAT inaporuhusiwa, kwa kuwa unahitaji kupakua zana: tcpdump ya kutazama pakiti (vipande vya data) zinazopita, dnsmasq ya DHCP na DNS, nftables ya kuchuja pakiti, openssh-server ya kuingia kwenye mashine kwa mbali kwa SSH, na frr kwa ajili ya mazoezi ya baadaye ya uelekezaji. Ukiwa na violezo vingi, weka kompyuta moja yenye apt-cacher-ng, ambayo husikiliza kwenye poti 3142 na kuhifadhi kila kifurushi kilichokwisha kupakuliwa, ili kifurushi kimoja kisilipiwe bando mara kumi.

Kuna vitu vitatu ambavyo havipaswi kurithiwa na nakala. Cha kwanza ni anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kadi ya mtandao, ambayo VirtualBox itazalisha upya ukiiambia ifanye hivyo wakati wa kunakili. Cha pili ni funguo za SSH za seva, ambazo hufutwa kwenye kiolezo na kuzalishwa upya kwenye kila nakala kwa `dpkg-reconfigure openssh-server`. Cha tatu ndicho kinachowasumbua wengi: faili la `/etc/machine-id`. Ubuntu Server hutumia utambulisho huo inapoomba anwani kwa DHCP, na nakala mbili zenye utambulisho mmoja zinaweza kupewa anwani moja ya IP hata kama MAC zao ni tofauti. Mkufunzi anaweza kupoteza alasiri nzima akiilaumu seva ya DHCP isiyo na hatia. Dawa ni kuliacha faili hilo tupu kabla ya kuzima kiolezo:

`truncate -s 0 /etc/machine-id`

Nakala ziwe za kuunganishwa, yaani zile zinazotumia diski ya kiolezo na kuhifadhi mabadiliko tu. Huchukua nafasi ndogo na huundwa kwa sekunde chache, ingawa haziwezi kuishi bila kiolezo chao.

Zoezi la kwanza, na pakiti isiyorudi

Mwanafunzi namba 17 ampe mteja wa Arusha anwani 172.20.17.10, seva ya Moshi 172.21.17.10, na ruta 172.20.17.1 upande mmoja na 172.21.17.1 upande wa pili. Kisha aruhusu ruta ipitishe pakiti kwa `sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1`, na ampe mteja njia ya kutokea kwa `ip route add default via 172.20.17.1`. Usimwambie afanye chochote kwenye seva zaidi ya kuipa anwani.

Sasa aite seva kwa `ping` kutoka Arusha. Hakuna jibu. Wengi watasema kwamba ruta haifanyi kazi, na hapa mkufunzi ajizuie asigusie jibu. Waambie wawashe tcpdump kwenye ruta, kadi ya kwanza kisha ya pili. Wataona maombi yakiingia upande wa Arusha na yakitoka upande wa Moshi, hivyo ruta imetimiza wajibu wake. Wawashe tcpdump kwenye seva yenyewe: maombi yanafika, moja baada ya jingine, lakini seva haitoi jibu hata moja. Swali la kuuliza hapo ni moja tu, nalo ni kwamba seva ingelipeleka wapi jibu hilo. Wakitazama `ip route` ya seva wataona kwamba inaifahamu subneti ya Moshi peke yake na haina habari kwamba kuna mahali panaitwa 172.20.17.0. Mstari mmoja, `ip route add default via 172.21.17.1`, unamaliza kazi. Mwanafunzi aliyepitia hatua hizo kwa macho yake anafahamu kwamba safari ya pakiti ni mbili, ya kwenda na ya kurudi, na kwamba kila moja inahitaji njia yake; ukimpa amri zote tangu mwanzo, mtandao utafanya kazi na hatakuwa amejifunza chochote zaidi ya kunakili.

Mipangilio yote iliyoandikwa kwa amri hizi hupotea mashine inapozimwa. Usiwaonye. Umeme ukikatika katikati ya kipindi somo hilo hujifundisha lenyewe, na usipokatika, waambie wawashe upya mashine, kisha waelekeze kwenye mafaili ya kudumu.

Baada ya hapo ndipo kambi ya Serengeti inapoingia, tukichukulia kwamba inaunganishwa kwa setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano iliyotulia juu ya ikweta ipo umbali wa takribani kilomita 36,000, na ujumbe wa kwenda na kurudi kupitia kwake huchukua zaidi ya nusu sekunde. Ucheleweshaji huo huigizwa kwenye ruta, ukichukulia kwamba kadi zake ni enp0s3 na enp0s8:

`tc qdisc add dev enp0s8 root netem delay 300ms`

Kwa kuwa amri hii hugusa pakiti zinazotoka tu, irudiwe kwenye kadi nyingine, enp0s3, ili jumla ifike milisekunde 600. Wanafunzi wafungue kurasa za seva kabla na baada, kisha waeleze kwa nini faili moja kubwa halijaathirika kama ukurasa wenye vipande vidogo vingi vinavyoombwa kimoja baada ya kingine.

Kuharibu kwa makusudi

Mtandao ukishafanya kazi, uharibu. Andika skripti fupi inayochagua hitilafu moja kwa kila mwanafunzi, naye apewe dakika thelathini kuitafuta. Hitilafu nzuri ni ile inayofanya sehemu ya mtandao ifanye kazi na sehemu nyingine isifanye: barakoa (kipimo cha ukubwa wa subneti) ya /25 mahali pa /24 kwenye ruta upande wa Arusha, ambayo huifanya ruta imwone mteja lakini isiione kompyuta ya ofisini kwake yenye anwani inayoishia na 200, anwani mbaya ya DNS (huduma inayogeuza majina kuwa namba), ambapo namba hujibu na majina hayajibu, au anwani moja iliyopewa mashine mbili, ambayo hujibu kwa kusuasua mpaka mtu aone kwenye tcpdump kwamba IP moja ina MAC mbili.

Kabla ya kila zoezi ihifadhiwe nakala ya hali ya mashine, moja tu, kwa sababu nakala zilizorundikana hula diski na kuipunguza kasi. Weka pia kanuni kwamba mwanafunzi haruhusiwi kurudi kwenye nakala hiyo kabla hajaandika anachodhani kimeharibika na ushahidi wake. Pasipo kanuni hiyo watarudisha hali kila wanapokwama, na maabara itakuwa mchezo wa kubahatisha. Alama zitolewe kwa mtiririko wa uchunguzi hata kama hitilafu haikupatikana, na kila mwanafunzi awasilishe faili la pakiti alizonasa. Hapa ndipo namba binafsi inapolipa: faili lenye anwani za 172.20.23.0 likiwasilishwa na mwenye namba 17, huhitaji kuuliza mengi.

Mazoezi ya kushambulia mashine iliyoachiwa udhaifu wa kiusalama kwa makusudi, kama Metasploitable, yanafaa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ila mashine hiyo isipewe kamwe kadi ya NAT wala ya daraja. Waelezwe pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na kwamba idhini waliyo nayo inaishia kwenye VLAN zao.

Kuunganisha darasa zima

Chuo chenye seva kinaweza kumalizia muhula kwa zoezi ambalo kompyuta mpakato haziliwezi. Arusha ina kituo chake cha kubadilishana data za intaneti, AIXP, ambako watoa huduma hukutanisha mitandao yao ili data za humu nchini zisizunguke mbali. Darasa linaweza kujenga mfano wake: ongeza daraja moja la pamoja lenye subneti 172.22.0.0/24, ipe ruta ya kila mwanafunzi kadi ya tatu humo, na kila mmoja awe mtoa huduma mwenye namba ya mfumo huru kutoka fungu binafsi la 64512 hadi 65534. Mwenye namba 17 atakuwa 64529 kwenye anwani 172.22.0.17, na atatangaza subneti zake kwa wenzake kwa BGP, itifaki ya watoa huduma ya kutangaziana njia, akitumia frr. Mtu akitangaza subneti isiyo yake, kama itakavyotokea, waache watafute wenyewe ni nani. Anayetaka kufundisha vifaa vinavyotumika kwa watoa huduma wadogo anaweza kuweka MikroTik CHR, ruta pepe ya kampuni ya MikroTik, mahali pa ruta ya Debian. Leseni yake ya bure huweka kikomo cha megabiti moja kwa sekunde kwenye kila kadi, na kwa mazoezi haya kikomo hicho hakidhuru.

Muhula ukiisha, futa nakala za wanafunzi kwanza na kiolezo baadaye, kwa kuwa mpangilio wa kinyume utaacha nakala zisizowaka. Kiolezo kipya kisasishwe kwa NAT, kipewe jina lenye mwezi na mwaka, na kijaribiwe kwa zoezi la kwanza lote kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote zilizomo maabarani.